Maji Yasiyosemwa

Saa nane na robo mchana boti iliuacha ufukwe wa Kibirizi. Ziwa lilikuwa limetulia, na hakuna aliyelisema.

Abiria walizungumza mengine yote. Walizungumza bei ya mawese, shemeji aliyekwenda Kasulu akasahau kurudi, timu iliyofungwa jana, na godoro jipya ambalo mwenyewe hakutaka mtu alikalie. Mwanamke aliyeketi juu ya kreti za soda alisema jua ni kali, na hilo liliruhusiwa, kwa kuwa jua liko juu. Lakini ziwa lenyewe, jinsi lilivyolala, rangi yake, kama lina wimbi au halina, halikutajwa tangu kamba ilipofunguliwa, na halingetajwa mpaka pua ya boti iguse mchanga. Hiyo ilikuwa kanuni katika boti ya mzee Kasongo, na wasafiri wa Mwamgongo waliijua kama walivyojua mahali pa kuweka miguu. Wimbi likija, Kasongo, aliyekuwa nahodha, aliinua mkono na watu wakashika mbao. Basi.

Kanuni aliirithi kwa baba yake, aliyevuka kutoka upande wa Kongo akiwa kijana mwenye nyavu mbili. Ukiyasema maji, yanajua umeyaona. Kasongo hakuieleza zaidi ya hapo, na hakuna aliyemwomba aieleze.

Nehemia alikuwa nyuma, karibu na mashine, pale ambapo mbao zinakutana, na maji hujikusanya. Kazi yake ilikuwa kuchota. Boti ya mbao, hata ikizibwa vizuri kwa pamba iliyolowekwa mawese, hunywa, na lazima awepo mtu wa kuyatoa maji iliyoyanywa. Alichota kwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, akamwaga nje, akachota tena. Alikuwa ameifanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, na mashati yake yote yalichanika kwenye bega moja.

Alichungulia nje. Maji hayakuwa na mkunjo hata mmoja. Milima ya ufukweni ilikuwa imelala ndani yake vichwa chini, kila mti mahali pake. Alihakikisha kwamba Dotto, baharia mwenzake, yuko mbele akipanga mizigo, na kwamba mzee Kasongo anatazama mbele. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesafisha koo, akasema:

"Glassy."

Halikuwa neno la Kiswahili wala la Kiha. Kwa hesabu ya Nehemia, hakuwa amesema kitu.

Akageuka kumwaga dumu lake, ndipo akaona kwamba povu limekatika. Mashine ya boti huacha nyuma mkia mweupe, mrefu, unaofifia polepole. Sasa haukuwepo. Maji yalipasuka mbele, yakapita ubavuni, yakajifunga nyuma bila alama, kama kioo kisichokubali mkwaruzo. Mashine ilikuwa inanguruma. Boti ilikuwa inakwenda, maana miembe ya ufukweni ilikuwa inarudi nyuma. Nehemia alitazama mpaka maji ya ndani yakamfika kwenye kifundo cha mguu, na Dotto akamfokea kutoka mbele.

"Kaka, umelala? Tunataka kufika, hatutaki kubatizwa."

Watu wakacheka. Nehemia akainama, akachota.

Mwenye boti, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa mjini na si Kasongo, alikuwa amesema wazi: mvua zikianza ataleta pampu ya umeme. Pampu inakaa chini, inavuta yenyewe, haiumwi bega. Hakusema nini kitampata Nehemia, na Nehemia hakuuliza, kwa sababu wote wawili walikuwa na akili zao.

Ndiyo maana alimwendea Ritha. Ritha alikuwa na kampuni ndogo ya kutembeza wageni, na boti yake inapokuwa kwa fundi alikodi ya mzee Kasongo. Katika safari mojawapo Nehemia alijaribu kuzungumza na wageni. Alikuwa na Kiingereza cha darasa la saba na cha redioni, na hakuwa na haya. Waliporudi Kibirizi, Ritha alimvuta kando.

"Sauti unayo. Watu wanakupenda. Lakini ndege ukawaambia 'very nice'. Mlima, 'very nice'. Samaki wetu mgebuka wa kuchoma, 'very nice'. Mtu katoka Ulaya na ndege mbili, aje asikie 'very nice' mpaka jioni? Ukiulizwa mama mkwe wako yukoje utasema nini?"

"Very nice, dada."

Ritha alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaacha kucheka.

"Katafute maneno. Maneno ya kawaida, ila yawe na nyama. Ukiyapata, kazi ya kutembeza wageni ipo, na siwezi kuishikilia mwaka mzima."

Maneno yalikuwa kwa mwalimu Regina, jirani ya Nehemia katika mtaa wa Gungu, aliyefundisha Kiingereza sekondari na aliyesukwa nywele na Esther, mke wa Nehemia. Mwalimu Regina alikubali, kwa sharti moja. Hakuna kukariri. Neno linasemwa kwa sauti, mbele ya kitu chake, wakati kitu kinafanya kile ambacho neno linasema. Alimsimamisha mbele ya jiko la mkaa lililowaka wekundu bila mwali, akamwambia aseme "glowing". Alimpeleka kwa mbuzi wake aliyekataa kutoka barabarani huku bodaboda wakipiga honi, akamwambia aseme "stubborn". Nehemia alisema, na mbuzi hakusogea, na neno likakaa. Baada ya wiki chache alitembea Gungu akiwa na jina la kila kitu: vumbi, moshi wa kukausha dagaa unaouma macho, bati linalolialia upepo ukija. Esther alisema mume wake siku hizi anaangalia vitu kama mtu anayetaka kuvinunua.

"Ya ziwa siwezi kukufundishia hapa," mwalimu alimwambia. Akampa matatu kwa mdomo na maana zake. "Glassy" ni maji yaliyolala kama kioo. "Choppy" ni maji yenye vijiwimbi vifupi vinavyogongana. "Hushed" ni ukimya wa mahali ambapo sauti zimezuiwa, kama nyumba yenye mgonjwa. "Nenda kayaseme ukiwa juu yake, siku yatakapokuwa hivyo."

Nehemia hakumweleza kanuni ya boti. Aliifikiria njiani, akaimaliza mwenyewe. Wazee walikataza watu kuyasema maji kwa lugha zao. Wazee hawakujua Kiingereza. Kisichojulikana hakiwezi kukatazwa.

Neno la pili hakulisubiri lipate siku yake. Alikuwa anajaribu ulimi tu, katika safari nyingine, boti ikiwa imepita kijiji cha Mtanga, ziwa likiwa shwari. "Choppy," alisema, ch ikamgonga meno. Kabla hajafunga mdomo boti ilianza kugongwa kutoka chini na pande zote, mapigo madogo ya haraka, kama watu wengi wanaobisha mlango mmoja. Kreti za soda zikalia. Kasongo akainua mkono, watu wakashika mbao. Jambo ambalo Nehemia aliliona, na ambalo baadaye Dotto alikiri ameliona pia, ni kwamba mitumbwi ya wavuvi iliyokuwa karibu, kiasi cha kusikilizana, haikutikisika. Mvuvi mmoja alisimama mtumbwini mwake akiwa ameshika ndoano, akawatazama wakirushwa, kisha akaketi taratibu na kuwapa mgongo.

Upepo unaoteremka kwenye mabonde ya Gombe unaweza kupiga sehemu moja na kuacha nyingine. Hilo linafahamika. Nehemia alijiambia hivyo usiku kucha.

Neno la tatu alilisema siku ambayo lilistahili, na hilo ndilo lililommaliza. Ilikuwa alasiri ya mawingu, hakuna ndege, hakuna mtumbwi. Abiria walikuwa wamechoka kuzungumza. Mwanamke mmoja, Mwanaima, alikuwa amepakata mtoto mchanga aliyekuwa analia tangu Kibirizi. Nehemia aliangalia maji ya kijivu na akaona kwamba ndilo hasa lile neno, nyumba yenye mgonjwa. Akalisema, polepole, kwa furaha ndogo ya mtu aliyepata kipimo sahihi.

"Hushed."

Sauti ikaondoka. Haikupungua, iliondoka. Mashine ilikuwa inatetemeka na moshi wake unatoka, lakini haikunguruma. Mtoto wa Mwanaima alikuwa amefungua mdomo, ulimi unatetemeka, machozi yanatoka, na hakukuwa na kilio. Mwanaima alimtazama mwanawe. Akamtikisa. Akamtikisa tena, na mdomo wake mwenyewe ukafunguka, na yeye pia hakusikika. Nehemia aligonga dumu kwenye mbao. Mkono ulihisi pigo. Masikio hayakupata kitu.

Hali hiyo ilidumu kwa muda wa boti kutoka rasi moja hadi nyingine. Kisha vilio vyote vilirudi kwa pamoja, cha mtoto, cha mashine, cha Mwanaima.

Kwenye boti watu walikubaliana kwamba mashine ilizimika. Ndivyo walivyosimulia kijijini. Mashine haikuzimika, kwa kuwa mzee Kasongo alikuwa ameshika mpini wake wakati wote, na asubuhi yake, akiziba mbao kwa pamba pale Kibirizi, alilisema hilo bila kuinua kichwa.

"Weye ulisema nini?"

"Lini, mzee?"

"Nehemia. Mimi nina macho. Mdomo ulienda, kisha sauti ikapotea. Siku ya yale mapigo, mdomo ulienda pia."

Nehemia aliangalia mchanga, pale ambapo wanawake walikuwa wanatandaza dagaa. "Ni Kiingereza tu, mzee. Najifunza. Nilidhani ni Kiswahili na Kiha ndivyo vimekatazwa."

Kasongo alisukuma pamba ndani ya ufa kwa ncha ya patasi, akaigonga mara moja, akaisikiliza.

"Mjerumani alipita hapa na meli za chuma. Akaongea. Mbelgiji alikuwa ng'ambo pale, anaongea. Mwingereza akaja, akaongea kuliko wote. Weye unafikiri hii maji ilikuwa imeziba masikio? Iko na shule kuliko mwalimu wako."

Dotto, aliyekuwa anapaka mawese upande wa pili, akaangua kicheko, kisha akaona uso wa mzee, akakimeza.

"Ukitaka kujifunza, jifunzie nchi kavu," Kasongo alisema. "Kwenye boti, chota."

Mwalimu Regina alipoambiwa, aliuliza maswali mazuri. Upepo ulitoka upande gani? Masikio yaliziba kama mtu anayepanda milima ya Kasulu? Watu wangapi walisikia ukimya, na nani aliwauliza kabla hawajazungumza wao kwa wao? Kisha mwalimu akamwambia kwamba mtu anayelingoja jambo hulikuta. Hata hivyo jioni hiyo alimfundisha maneno ya milima na ndege, na la ziwa hakumwongezea hata moja.

Ritha alichagua Jumapili iwe siku ya kumjaribu Nehemia. Mgeni alikuwa mmoja, mwanamke mzee kutoka Uskochi, mjane, mwenye kofia pana na viatu vizuri, aliyetaka kuiona Mwamgongo kwa sababu mume wake aliwahi kufanya kazi huko ujana wake. Boti ya Ritha ilikuwa kwa fundi, hivyo walikwenda na ya Kasongo.

"Leo ndiyo leo," Ritha alimwambia Nehemia pembeni. "Akifurahi, Jumatatu unaanza. Na nikisikia habari za mizimu, za maji yenye masikio, tumeachana. Yule mgeni aliyepita mlimwambia ziwa linachukua watu, akalala chumbani siku mbili na akataka fedha zake. Usinitishie mgeni. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, dada."

Walipopanda, Ritha, ambaye ni wa Kasulu na wa majini si sana, alimsalimu nahodha kwa Kiha, "Mwakeye, mzee," na Kasongo akamjibu kwa Kiswahili kwamba wameamka salama. Kisha mzee alimwashiria Nehemia kwa kidevu.

"Mwambie bibi kanuni. Kabla kamba haijafunguliwa. Mwambie kwa lugha yake, maana kwa hiyo lugha ndiyo atayasema maji."

Kiingereza Ritha alikuwa nacho, ila kwenye boti ile mtu mwenye Kiingereza pamoja na sababu ya kuieleza kanuni alikuwa mmoja. Ritha alisimama kando ya mgeni, miwani ya jua usoni, tabasamu la kazini. Mgeni alimgeukia Nehemia akingoja. Dotto alikuwa ameshika kamba.

Nehemia alisema, kwa Kiingereza safi, kwamba nahodha anamkaribisha sana.

Mgeni akainamisha kichwa kumshukuru mzee Kasongo. Kasongo, aliyeona kichwa kikiinama, alielewa kwamba kanuni imepokelewa. Akamwashiria Dotto. Kamba ikafunguliwa.

Nehemia alizungumza vizuri siku ile. Hata Dotto, ambaye hakuelewa neno, alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kumsikiliza mtu mwingine. Milima ilikuwa na makunjo, na alikuwa na neno la makunjo. Moshi wa Kibirizi ulikuwa na uchungu wake na ndege mnandi aliyekausha mabawa juu ya jiwe alikuwa na majivuno yake. Alichota kwa mkono mmoja na kuonyesha kwa mwingine. Mgeni alicheka, akauliza, akarudia baadhi ya maneno yake kama mtu anayeonja. Ritha aliinua kidole gumba, akakificha.

Karibu na Gombe, pale ambapo msitu unateremka mpaka kwenye mawe, mgeni aliinama ukingoni akatazama chini. Hapo maji yalikuwa ya buluu inayoelekea weusi. Akauliza ziwa leo likoje, yeye angelielezaje?

Nehemia alichota. Akamwaga. Akachota.

"Nehemia," Ritha alisema kwa Kiswahili, tabasamu likiwa mahali pake. "Umeulizwa."

"Nimesikia, dada."

"Basi jibu. Ziwa ndilo walilolifuata, siyo mnandi."

Alikuwa na maneno matatu, na yote matatu yalikuwa na siku zake. Alimtazama mzee Kasongo kwa pembe ya jicho. Bega lilimuuma, lile la kulia. Alifungua mdomo na kilichotoka ni "very nice", kwa sauti ndogo sana.

Ritha akavua miwani. Mgeni aliona sura zao wote wawili. Alikuwa mwanamke mwenye huruma, aliyewahi kuwa mwalimu, na hakupenda kuona mtu akikwama mbele ya mwajiri wake. Kwa hiyo alimsaidia. Alisema kwamba amekulia kando ya ziwa la milimani, nchini kwao, na kuna neno ambalo bibi yake alilitumia kwa maji ya namna hii. Akaweka kiganja juu ya maji, bila kuyagusa, akalisema kwa uwazi ili Nehemia alishike.

"Fathomless."

Nehemia hakulijua. Hakuwahi kulisikia redioni wala Gungu. Aliusubiri ulimwengu ufanye kitakachokuja, na alikuwa hajui ni kitu gani anakisubiri.

"Haya, jifunze hilo," Ritha alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kwa kuwa mgeni alikuwa anatabasamu. "Jumatatu saa mbili uwe ofisini. Na uvae shati zima."

Kutoka nyuma mzee Kasongo aliuliza, "Bibi kasema nini?"

"Sijui, mzee."

"Hujui, au hutaki?"

"Neno sijafundishwa."

"Lilikuwa la nini? La kofia yake? La mlima?"

Nehemia aliinama akachota. Kasongo alipunguza mashine. Alimtazama mgeni, aliyekuwa bado na kiganja juu ya maji, kisha akamtazama Nehemia kwa muda mrefu, kama anavyoutazama ufa ambamo pamba haikai. Akaongeza mwendo na kuisogeza boti karibu na nchi kavu kuliko kawaida yake.

"Dada, lile neno maana yake nini?" Nehemia alimuuliza Ritha.

"Lipi? Aah. Zuri sana, kitu kama hicho." Alikuwa anapiga picha.

Hakuna kilichotokea. Povu la nyuma lilikuwepo, jeupe na refu. Mapigo hayakuja. Mashine ilinguruma, Dotto alipiga mluzi, mgeni alikohoa na kikohozi chake kikasikika. Nehemia alihesabu dalili alizozijua, moja moja, na hakukuta hata moja. Maji ya ndani ya boti yalikuwa ya kawaida pia, baridi ya kawaida, kiasi cha kawaida. Walipita Gombe yote hivyo. Kutojua kulikuwa kumekaa kifuani mwake kama mzigo wa mtu mwingine.

Simu haishiki kwenye milima ile. Ilishika walipoizunguka rasi ya mwisho na mapaa ya bati ya Mwamgongo yakaonekana. Nehemia aliacha dumu, akampigia mwalimu Regina. Ilikuwa baada ya ibada. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na watu wanaoagana.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mtihani umekwendaje?"

"Mwalimu, 'fathomless' ni nini?"

"Nani kakupa hilo? Ni la vitabuni kidogo."

"Mgeni. Ni nini?"

"Ni kitu ambacho kina chake hakipimiki. Ukishusha kamba, haifiki. Kisicho na chini." Akafikiri. "Kwa ziwa lenu si kweli, ulijue hilo. Ni refu mno kwenda chini, zaidi ya kilomita moja, lakini lilishapimwa. Nehemia? Unanisikia?"

Boti ilikuwa imeingia kwenye maji ya ufukweni. Kasongo alizima mashine, na boti ikaenda yenyewe taratibu kama ilivyokuwa ikienda kila siku mahali pale. Wanawake wa kijiji walikuwa wamesimama majini wakisugua masufuria, sketi zimefungwa, maji yakiwafika magotini. Mmoja wao, aliyekuwa karibu kabisa, angeweza kuigusa pua ya boti kwa ufagio. Dotto alikuwa amekwisha kuvua ndala. Alikuwa amekunja suruali, kamba begani, na amesimama juu ya pua, goti limekunjwa tayari kuruka, kama alivyoruka hapo katika kila safari, kwenye maji yasiyomfika kiunoni.

Kumwambia asiruke kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa ni kuyasema maji, kwa Kiswahili, mbele ya mzee Kasongo, pua ikiwa haijagusa mchanga.

Nehemia aliruka juu ya viti. Alimkanyaga Ritha, akampita mgeni, akamshika Dotto shati kwa nyuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akachukua pondo, mti mrefu wa kusukumia boti uliolala ubavuni.

"We, vipi?" Dotto alisema. "Niachie."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Mama zako wanatucheka."

Kweli walikuwa wanacheka. Yule aliyekuwa karibu alisimama wima, sufuria mkononi, magoti yake yakionekana ndani ya maji meupe, na akauliza kama wanaume wawili wanagombea kushuka au wanacheza dansi.

Nehemia alisimamisha pondo mbele ya pua, kati ya boti na yule mwanamke, akaliingiza majini taratibu. Liliingia robo. Liliingia nusu, na vidole vyake vilikuwa vinasubiri ule mguso mkavu wa mchanga anaoujua. Kicheko cha mwanamke kilipungua. Dotto aliacha kujivuta. Pondo liliingia lote, mpaka kishikio chake kikawa usawa wa maji, na Nehemia akalala kifudifudi juu ya pua, akaufuatisha mkono wake, kiganja, kiwiko, bega, na pondo lilikuwa bado halijagusa mchanga.